DASHIBODI IMEZIMIKA? FUNGA LED KWENYE CELICA YAKO BILA KUIUA INJINI

Leo tuweke siasa pembeni kidogo tuongee magari.

Kuna swali vijana wa hapa mjini wananiuliza kila siku: "Kaka, dashibodi ya gari langu usiku haionekani, nifunge taa za LED?" Jibu fupi ni ndiyo, funga, ni kazi ya mchana mmoja na bei haitishi. Jibu refu ndiyo hii makala, manake kuna mshikaji wangu alifungiwa bila kuuliza maswali, na gari likafa njiani. Nimeona niandike kabla hajafuata mwingine.

ILIVYOTOKEA

Mshikaji anakaa Kashai. Ana Toyota Celica ya mwaka 1994, ile yenye macho manne ya mviringo mbele. Gari tamu, lakini dashibodi ilikuwa imechoka. Balbu moja inawaka, mbili zimekufa. Usiku alikuwa anamulika spidi mita kwa tochi ya simu, mkono mmoja kwenye usukani. Fikiria mwenyewe.

Akampelekea fundi mmoja (simtaji, na si lengo langu kumchafua mtu). Fundi akang'oa balbu ZOTE za dashibodi, akachomeka LED za bluu. Jioni ile gari linawaka ndani kama disko. Watu wanapiga picha, jamaa anacheka tu.

Wiki chache baadaye akawa anatoka Muleba usiku, mvua inanyesha ile ya kwetu mnayoijua. Alipopita Muhutwe injini ikaanza kugonga. Akadhani ni jiwe limepiga chini. Akaendelea. Kabla hajafika Kemondo injini imenoki, gari limesimama kimya, giza totoro, yeye na migomba tu pembeni ya barabara.

Kesho yake likavutwa mpaka mjini, likainuliwa. Nati ya kumwagia oili ilikuwa imelegea, oili imevuja njia nzima. Sasa swali: taa nyekundu ya oili si inatakiwa kuwaka? Haikuwaka. Dashibodi ikafunguliwa, LED ya oili ikatolewa na kujaribiwa kwenye betri. Nzima kabisa! Ilikuwa imechomekwa kinyume tu. Yaani kitu cha kugeuza kwa vidole viwili kimegharimu injini nzima.

Waitu, hapo ndipo nikaelewa kwamba dashibodi ina taa za aina mbili, na ukizichanganya umekwisha. Kuna TAA ZA KUONEA na kuna TAA ZA KUONYA. Za kuonea ndizo zinazomulika namba za spidi, mafuta na joto. Za kuonya ndizo zile nyekundu na njano zinazokuambia kuna hatari. Hizo za kwanza badilisha upendavyo. Hizo za pili ziache kama zilivyotoka kiwandani. Ukikumbuka hilo moja tu katika makala yote hii, mimi nimeridhika.

KWA NINI CELICA YA ZAMANI HAINA LED

Wengine mnauliza, Wajapani wenye akili zote zile, mbona hawakuweka LED tangu mwanzo? Jibu ni kwamba nyeupe haikuwepo. LED nyekundu ya kuonekana kwa macho ilitengenezwa mwaka 1962 na Mmarekani Nick Holonyak. Lakini ya bluu yenye mwanga mkali iliwatoa wataalamu jasho kwa miaka 30 mingine, mpaka Shuji Nakamura wa kampuni ya Nichia alipoitoa mwaka 1993. Nyeupe ikaingia sokoni mwaka 1996, kwa sababu inatokana na ile ya bluu iliyopakwa unga wa njano. Nakamura na wenzake Akasaki na Amano walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa kazi hiyo. Sasa Celica ya umbo lile ilianza kuuzwa mwaka 1993. Ilipochorwa, balbu ya waya ndiyo ilikuwa njia pekee ya kawaida.

Na tuiheshimu hii gari jamani, ina historia kwetu Afrika Mashariki. Celica ilishinda Safari Rally mwaka 1984, 1985 na 1986, ikarudi ikashinda tena 1990, 1992, 1993 na 1994. Ushindi wa 1994 uliletwa na Mkenya, Ian Duncan. Kwa hiyo ukiona mtu anaitunza, usimwite mshamba.

LED INATOFAUTIANAJE NA BALBU

Twende taratibu, hakuna hesabu ngumu.

Balbu ya kawaida ni waya mwembamba unaopashwa moto mpaka unawaka. Umeme mwingi unaishia kuwa joto, mwanga ni kidogo tu. Ndiyo maana ukifungua dashibodi ya zamani unakuta plastiki nyuma ya balbu imekuwa ya njano au nyeusi. Balbu haijali umeme unaingia upande gani. Igeuze utakavyo, itawaka.

LED ni dayodi, na dayodi ni kama mlango unaofunguka upande mmoja. Umeme ukija sawa, inawaka. Ukija kinyume, inakaa kimya kama imekufa. Haiungui, haitoi moshi, haikuambii chochote. Kwenye taa ya kumulika spidi utagundua mara moja kwa sababu utaona giza. Kwenye taa ya oili hutagundua, kwa sababu taa ya oili kukaa kimya ndiyo hali yake ya kila siku. Umeiona hatari ilipo?

Tofauti ya pili ni kiasi cha umeme. Balbu ya dashibodi ya wati 3.4 kwenye volti 12 inakunywa kama ampea 0.28. LED ndogo inakunywa ampea 0.02 tu. Kwa betri ni nafuu. Lakini kuna sehemu za gari zinazotegemea ule umeme mwingi unaopita kwenye balbu, nitazieleza chini.

Tofauti ya tatu ni mwelekeo. Balbu inamwaga mwanga pande zote, LED nyingi zinapiga mbele tu kama tochi. Ukiweka LED ya tochi nyuma ya spidi mita, utaona namba 80 inang'aa na namba 20 iko gizani.

CHA KUNUNUA

Kwanza toa balbu moja ya zamani uende nayo dukani. Usiende kwa maneno. Toyota nyingi za miaka ya 90 zinatumia saizi mbili: T10, ile nene kidogo isiyo na kitako cha chuma, kwa kumulika geji, na T5, ile nyembamba, kwa taa za kuonya na vitufe. Namba hizo ni unene wa kioo kwa milimita.

Chukua T10 za LED za volti 12 zenye vipande vya mwanga pande zote, juu na ubavuni, zisiwe na jicho moja tu mbele. Ongeza moja au mbili za akiba. Kabla hujatoka dukani muombe muuzaji azijaribu kwenye betri zote. Akikataa, nenda duka la pili.

Kuna vijana mafundi wa redio na simu hapa mjini wanapenda kujitengenezea kutoka kwenye tochi mbovu. Sina neno, lakini angalia: LED tupu haina kinga. Nyeupe inataka volti 3 hivi, na gari likiwa linanguruma umeme unafika volti 14 na kitu. Ukiichomeka moja kwa moja inakufa papo hapo. Iwekee rezista. Hesabu yake ni rahisi: toa 3.2 kwenye 14.4 unabaki na 11.2, gawa kwa 0.02 unapata omu 560. Weka ya omu 680, robo wati, ili ipumue. Kila LED na rezista yake.

KUFUNGUA DASHIBODI

1. Zima gari, toa ufunguo, fungua waya wa hasi kwenye betri. Kama usukani wako una mfuko wa hewa, subiri angalau sekunde 90 kabla hujagusa chochote. Nyaya za mfuko wa hewa zina plagi za njano. Hizo usizifungue, usizipime na kitu chochote. Mfuko ukilipuka usoni utanikumbuka.

2. Shusha usukani mpaka chini kama unashuka. Fungua skrubu za kofia inayozunguka geji, kawaida ziko juu kwa ndani, piga magoti uzione. Tumia bisibisi ya nyota inayokaa vizuri ili usile vichwa vya skrubu.

3. Vuta kofia taratibu. Plastiki ya miaka 30 ni kavu kama jani la mgomba la kiangazi, inapasuka. Ikigoma, kuna skrubu umeisahau.

4. Fungua skrubu zinazoshika geji zenyewe, vuta mbele, ingiza mkono nyuma utoe plagi. Bonyeza ulimi wa plagi, usivute nyaya. Kwenye magari ya zamani zaidi utakuta pia kebo ya spidi mita, itoe kwa upole.

5. Weka geji juu ya kitambaa safi mezani. Usiguse mishale kwa kidole. Ukiisogeza, gari litakudanganya spidi. Na ukidanganywa spidi, pale kwenye kibao cha 50 askari wa tochi hana habari na LED zako.

6. PIGA PICHA mgongo wa geji kwa simu kabla hujatoa kitu. Hii hatua ni bure na ndiyo itakayokuokoa.

KUBADILISHA

Nyuma utaona karatasi ya plastiki yenye njia za shaba, na vishikizo vidogo vya balbu vimepangwa juu yake. Kila kishikizo kinatoka kwa kuzungusha robo mzunguko kwenda kushoto. Usikwangue ile karatasi. Ikichanika umepata kazi nyingine ambayo hukuitaka.

Toa vile vikubwa tu, vya T10 vya kumulika geji. Vuta balbu, chomeka LED, rudisha kishikizo mahali pake. Vile vidogo vyenye alama ya kopo la oili, betri, breki, injini, mfuko wa hewa na mafuta, viache. Kama balbu ya kuonya imeungua, nunua balbu ya kawaida mpya uweke. Ni kitu cha bei ndogo kabisa.

Kabla ya kufunga skrubu hata moja, rudisha plagi zote, tena hakikisha zote, halafu ndiyo uunganishe betri. Washa taa ndogo. LED ambayo haijawaka, usiitupe. Fungua tena waya wa betri, izungushe nyuzi 180 kwenye kishikizo chake, jaribu upya. Kama bado, ndiyo mbovu.

MBONA ZA KUONYA NISIGUSE? NITAZIGEUZA TU ZIKIGOMA

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika hivyo kule chini kwenye maoni, hehehe. Subiri kwanza.

Taa ya betri (chaji): kwenye magari mengi ya zamani umeme unaopita kwenye balbu hii ndio unaoiamsha alteneta ianze kuchaji. LED inapitisha umeme kidogo mno, alteneta inaweza kubaki imelala mpaka ukanyage mafuta sana, au isiamke kabisa. Si kila gari liko hivyo, lakini utajuaje? Ukijua ni usiku, betri imeisha.

Taa ya mafuta kuisha: kwenye baadhi ya magari ya Kijapani ya miaka ile, ndani ya tanki kuna kipande kinachopashwa joto na umeme wa balbu yenyewe. Kikizama kwenye petroli kinapoa, taa haiwaki. Petroli ikishuka kinabaki hewani, kinapata moto, taa inawaka. Weka LED hapo na hesabu nzima imevurugika, kwa sababu umeme hautoshi kukipasha.

Taa ya mfuko wa hewa na ya breki za ABS: kwenye baadhi ya magari kompyuta huipima balbu yake. Ikikuta kitu kigeni inaweza kudhani kuna hitilafu.

Taa ya oili: hii mmeshasikia habari zake kutoka Muhutwe.

Na kuna LED nyingine zinabaki na mwanga hafifu hata zikizimwa, kwa sababu ya umeme mdogo unaovuja kwenye saketi. Taa ya kuonya inayowaka nusu nusu ni mbaya, utaizoea. Siku ikiwaka kweli hutashtuka.

RANGI GANI?

Hapa ndipo vijana tunapokosana. Wote mnataka bluu. Nisikilizeni.

Mwanga wa bluu mkali usiku unachosha macho. Sisi watu wa Bukoba tunajua msimu wa senene, mtu anawasha taa kali na senene wote wanaifuata, wameacha kila kitu. Jicho lako nalo liko hivyo hivyo. Dashibodi ikiwa kali kuliko barabara, jicho linavutwa kwenye dashibodi, na mtembea kwa miguu aliyevaa nguo nyeusi pembeni ya lami hutamuona.

Halafu angalia mishale yako. Rangi nyekundu inaonekana nyekundu kwa sababu inarudisha mwanga mwekundu. Ukiimulika kwa bluu tupu haina cha kurudisha, inakuwa nyeusi. Utaona namba zote zinang'aa na mshale umepotea. Sasa hiyo spidi mita ya nini?

Jambo lingine, dashibodi nyingi za zamani zina rangi ya kijani au nyingine iliyopakwa nyuma ya namba, au kofia ndogo za mpira juu ya balbu. Ukiweka LED nyekundu nyuma ya kichujio cha kijani utapata giza. Weka nyeupe yenye joto, ile inayokaribia njano, rangi ya asili itarudi vizuri. Ukitaka kubadilisha rangi kabisa lazima kofia zitoke kwanza.

Mwisho, ile swichi ya kupunguza mwanga wa dashibodi iliundwa kwa ajili ya balbu. Na LED inaweza isipunguze taratibu, ikawa inawaka yote au inazima yote. Kwa hiyo nunua LED za mwanga wa wastani, usinunue kali kuliko zote dukani.

JARIBIO LA SEKUNDE KUMI

Hili ni la kila mtu, hata wewe wa IST ya mama, hata dereva wa teksi, hata ambaye hajawahi kusikia LED. Kesho asubuhi washa swichi lakini usipige stata. Angalia dashibodi. Taa ya oili iwake. Ya betri iwake. Ya injini iwake. Hendibreki ikiwa juu, na yake iwake. Sasa piga stata. Ya oili na ya betri zizime ndani ya sekunde chache.

Kama kuna moja haikuwaka mwanzoni, hilo gari ni bubu. Usianze nalo safari ya Muleba wala Mutukula mpaka umejua kwa nini. Na kama ulifungiwa LED na mtu zamani, au ulinunua gari mkononi mwa mtu likiwa tayari linang'aa bluu, fanya hili jaribio LEO.

Mshikaji wangu hakuwahi kulifanya. Alikuwa anaingia, anazungusha ufunguo moja kwa moja, anawasha muziki, anaondoka. Siku hizi gari lina injini nyingine, ya mtumba. Dashibodi ina LED nyeupe tatu za kumulika geji, na taa zote za kuonya ni balbu za kawaida. Nilipanda naye juzi. Kabla ya kupiga stata akanyamaza, akahesabu kwa kidole: moja, mbili, tatu, nne. Halafu ndiyo tukaondoka.

Haya, nawasilisha. Mwenye gari la aina nyingine aliyefungua dashibodi yake atuambie hapo chini alikuta nini, na mafundi umeme mliomo humu karibuni mnirekebishe nilipokosea. Matusi hapana, hoja ndiyo. Safari njema wadau.